Hata Mandera wanahitaji mwalimu wa Fizikia

Karatasi ya Fizikia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hufunguliwa wakati mmoja nchi nzima. Inayofunguliwa Nairobi ndiyo inayofunguliwa Mandera, karibu kilomita elfu moja kutoka hapo. Maswali ni yale yale, dakika ni zile zile, na kipimo cha kusahihisha ni kile kile. Lakini mtahiniwa mmoja amefundishwa somo hilo miaka minne mfululizo, na mwenzake amepitisha mihula mizima bila mwalimu. Shule nyingine huona afadhali kulifuta somo lenyewe, na mtoto aliyetaka kuwa mhandisi anaelekezwa kwingine kabla hajajaribu. Matokeo yakitoka tunawapanga wote kwenye orodha moja, tukawasifu hawa na kuwalaumu wale.

Sisi tunaliita jambo hili ukiukaji wa haki za raia. Kwa miaka mingi uhaba wa walimu katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera umezungumzwa kama ukame: jambo linalokuja, linaloumiza, na lisilo na mwenyewe. Hili lina wenyewe. Mwalimu hupelekwa shuleni kwa barua, na barua ina sahihi. Mgao wa fedha za shule hupigwa hesabu na mtu, na hesabu hiyo inaweza kupigwa upya.

Hali hii ina historia. Mkoloni aliifunga kaskazini, zilipo kaunti hizi. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na sheria ya wilaya maalumu ya 1934 iliwapa maafisa mamlaka makubwa juu ya watu wa huko. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mwezi ule ule hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki kwa sababu ya vita vya waliotaka kujiunga na Somalia, na amri zake zikadumu hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Wajir mwaka wa uhuru alitimiza miaka 28 ndipo akaanza kuishi chini ya sheria zilizomlinda mwenzake wa Nyeri tangu siku ya kwanza.

Katika kipindi hicho hicho serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, uliopanga uchumi wa nchi. Waraka ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa la mapato: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Maeneo mengine yangenufaika baadaye kwa faida itakayopatikana huko. Hoja hiyo yaweza kusimama ukipanga mashamba ya chai. Ukipanga watoto haisimami hata kidogo, maana mtoto wa miaka saba hawezi kuahirishwa. Kizazi kilichosubiri faida hiyo kimezeeka kikisubiri.

Katiba ya 2010 iliandikwa ili kuuvunja utaratibu huo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi na kuitaka serikali ichukue hatua za kuwainua walioachwa nyuma. Kifungu cha 56 kinataka makundi yaliyotengwa yapewe nafasi maalumu katika elimu. Na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima.

Hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo. Haki za kiuchumi na kijamii zilizo katika Kifungu cha 43, elimu ikiwa mojawapo, zimewekewa nafasi ya kutimizwa hatua kwa hatua, na serikali yoyote ikibanwa itakimbilia hapo. Kifungu cha 53 hakikuwekewa nafasi hiyo. Hakisemi mtoto atasoma bajeti ikiruhusu, wala barabara ikitengenezwa, wala usalama ukirejea. Kinasema ana haki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaja kuongeza, katika kifungu cha 39, kwamba Waziri ana wajibu wa kutoa walimu wa kutosha kwa viwango vilivyowekwa, na wa kuhakikisha watoto wa jamii zilizotengwa hawabaguliwi. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto wake shuleni. Mzazi wa Takaba, Mandera, akimficha mtoto nyumbani ana kosa. Akimpeleka, mtoto akakaa darasani mwaka mzima bila mwalimu, kosa ni la nani?

Twajua mambo yalivyofika hapo. Tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, al-Shabaab waliliteka basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuua watu 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliofunga shule na kuelekea makwao kwa likizo. Januari iliyofuata wenzao walipiga kambi kwenye makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) jijini Nairobi, wakikataa kurudi. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo TSC iliwahamisha kwa wingi walimu wasio wenyeji.

Hatumlaumu mwalimu hata mmoja aliyeondoka. Mtu hakusomea ualimu ili auawe, na anayetaka mwalimu kutoka Kisii au Kakamega arudishwe kwa nguvu kwenye kituo kisicho na ulinzi, kwanza ajiulize kama angempeleka mwanawe. Kuwatoa walimu kwenye hatari ulikuwa wajibu wa mwajiri.

Lakini TSC si mwajiri tu. Kifungu cha 237 cha Katiba kimeipa kazi ya kuwaajiri walimu, kuwapanga katika shule za umma, na kuishauri serikali kuhusu mahitaji na upatikanaji wao. Ilipowatoa walimu bila kuwa na wa kushika nafasi zao, wajibu wake kwa mwalimu ulitimia, na wajibu wake kwa mtoto ukavunjika siku hiyo hiyo. Madarasa yalibaki matupu. Hili ndilo tunalolilaumu, na tunalaumu zaidi kwamba lilikuwa limetabirika. Kati ya basi la Mandera na mauaji ya Kamuthe ilipita miaka mitano. Miaka mitano inatosha kumchukua kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, kumsomesha ualimu na kumrudisha darasani. Ingeanzwa Januari 2015, walimu hao wangekuwa tayari 2020. Hakukuwa na mpango wa ukubwa huo.

Kuna wanaosema watu wa huko hawawataki wageni. Salah Farah alikuwa naibu mwalimu mkuu Mandera. Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi jingine lililovamiwa, na yeye pamoja na abiria wenzake Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Taifa lilimtunukia nishani. Anayewasema watu wa kaskazini kwa mkumbo na aanze kwa kulikumbuka jina hilo.

Walioziba pengo ni walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi za shule. Wengi ni vijana waliomaliza Kidato cha Nne juzi tu, tena pengine katika shule hiyo hiyo. Hawakusomea ualimu. Kijana wa namna hii husimama mlangoni kati ya madarasa mawili ili ayaone yote: Gredi ya Nne amewapa hesabu za kunakili, Gredi ya Tatu anawasomea kwa sauti, na akisikia kelele kule anavuka. Kitabu cha mwongozo wa mwalimu ni kimoja, anakibeba mkononi. Malipo yake hutoka kwenye michango ya wazazi, na wazazi ni wafugaji. Mvua ikikosekana, mbuzi wanakonda, soko linaanguka, mchango unakatika. Basi mshahara wa mwalimu wa shule ya umma unategemea bei ya mbuzi. Nairobi hakuna mwalimu wa TSC anayengoja mvua ndipo alipwe.

Vijana hawa wanastahili shukrani ya taifa na kitu zaidi ya shukrani. Wanastahili kusomeshwa kazi wanayoifanya tayari, wakiwa kazini, wakati wa likizo, kwa gharama ya serikali, na wakifuzu waajiriwe kwa masharti ya kudumu mahali walipo.

Tatizo la fedha ni la namna nyingine. Tangu elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali hutuma pesa kwa kuhesabu vichwa. Katika miaka ya karibuni kiwango cha shule ya msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na cha sekondari shilingi 22,244. Ukitazama haraka huoni ubaguzi, kwa kuwa kila mtoto ana kiasi sawa na mwenzake. Sasa piga hesabu. Shule ya msingi yenye watoto 900 katika mtaa wenye watu wengi jijini hupata shilingi 1,278,000. Shule ya watoto 60 katika malisho ya Wajir hupata shilingi 85,200, tena zikifika zote na zikifika kwa wakati. Zote mbili zinahitaji mlinzi. Zote mbili zinahitaji choo, chaki, meza na paa lisilovuja. Ile ya mjini ina bomba la maji. Hii ya malisho, kiangazi kikikaza, inaletewa maji kwa lori, na lori hulipwa. Gharama ya kuufungua mlango wa shule haishuki kwa sababu watoto ni wachache. Watoto ni wachache kwa kuwa nchi ni pana na watu wametawanyika, na hakuna mzazi aliyeichagua jiografia hiyo.

Dawa yake haihitaji tume ya uchunguzi. Kila shule ya umma ipewe kwanza kiasi cha msingi, kisichotegemea idadi ya watoto, cha kuiwezesha kufunguka. Kisha ndipo vichwa vihesabiwe juu ya hapo. Na katika kaunti kame kiwango cha kila kichwa kiwe kikubwa zaidi, kwa sababu gharama ni kubwa zaidi. Haki sawa kwa watoto wawili walio katika hali mbili tofauti haipatikani kwa kuwapa shilingi zinazolingana.

Kuna na wale wasiohesabiwa kabisa. Mgao ulipofungwa kwenye NEMIS, mfumo wa kuwaandikisha wanafunzi, mtoto alihitaji cheti cha kuzaliwa ili aandikishwe. Aliyezaliwa nyumbani kwao malishoni, siku kadhaa kutoka ofisi ya msajili, mara nyingi hana. Yumo darasani, mwalimu anamjua, ila kwenye mfumo hayumo, na pesa yake haiji. Wazazi wake nao waliishi na mchujo wa ziada kila walipoomba kitambulisho, hadi Rais Ruto alipotangaza kuuondoa Februari 2025. Tuliipokea hatua hiyo kwa mikono miwili. Tunataka ifike kwa watoto: msajili aende shuleni na vyeti vitolewe hapo hapo, na mtoto aliye darasani alipiwe hata kabla cheti hakijatoka.

Katiba iliweka pia Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa maeneo yaliyotengwa. Kifungu cha 204 kinataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Shule hazikutajwa kwa jina. Bunge lisingoje marekebisho ya Katiba kwa hilo; kuipelekea shule maji na umeme kunaruhusiwa leo.

Wasomaji wetu wa pwani wasidhani haya ni ya mbali. Katika wadi ya Basuba, Lamu, shule tano za jamii ya Waboni, yaani Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, zilifungwa kwa sababu ya mashambulizi ya 2014. Watoto wakapelekwa kulala shule ya bweni ya Mokowe Arid Zone, mbali na wazazi wao, wengine wangali wadogo mno. Waboni ni jamii ndogo. Hawana kura za kumtisha mtu, na kwa sababu hiyo shule zao ni rahisi kuzifunga na vigumu kuzifungua. Kifungu cha 56 kiliandikwa kwa ajili ya watu kama hao.

Tutaambiwa kwamba uhaba wa walimu upo nchi nzima. Ni kweli. Yupo mwalimu Bungoma anayefundisha darasa la watoto themanini, na hatumwombei apewe mia. Lakini mzigo wa taifa ukibebwa na taifa, kila shule hupungukiwa kidogo. Huu umeachiwa kaunti chache zilizokuwa nyuma tangu zamani, na zinapungukiwa hadi somo zima linafutwa. Mtoto wa Bungoma anabanana. Wa Hulugho, Garissa, hana wa kumsikiliza. Walimu wapya wanapoajiriwa, wapelekwe kwanza kwenye shule ambazo somo halina mwalimu hata mmoja, kabla ya kumpunguzia mzigo mwalimu aliye na mwenzake.

Tutaambiwa pia wenyeji wasomee ualimu wenyewe. Tunakubali, na hapo ndipo penye kitanzi. Ili uingie chuo cha ualimu unahitaji alama. Ili upate alama unahitaji mwalimu. Kijana aliyesomeshwa Hisabati na mwalimu wa BOM kwa miaka mitatu anafungiwa mlango wa chuo kwa sababu ya alama ya Hisabati, halafu anaulizwa mbona kwao hakuna walimu. Wapo wanaopendekeza alama za kujiunga zishushwe kwa wanafunzi wa huko. Sisi hatupendi njia hiyo, maana inampelekea mtoto wa kaskazini mwalimu aliyeandaliwa kwa kipimo cha chini, na kesho tutamdharau kwa hilo pia. Afadhali mwaka mmoja wa maandalizi, unaolipiwa na serikali, wa kufidia masomo aliyonyimwa, kisha aingie chuoni kwa kipimo kile kile cha nchi nzima. Chuo Kikuu cha Garissa kimesimama mahali palipokuwa na chuo cha ualimu. Ardhi ipo, majengo yapo, na watu wa mji ule wamelipia elimu kwa damu. Mwaka wa maandalizi uanzie pale.

Viongozi wa kaskazini nao wana lao. Magavana, wabunge na maseneta wa kaunti hizi walipiga kelele 2020, na walikuwa na haki ya kupiga. Hata hivyo, ulinzi wa mwalimu unaanzia kijijini: mzee anayejua nani mgeni amelala wapi, chifu anayepokea habari na kuifikisha, imamu anayesema wazi Ijumaa kwamba damu ya mwalimu ni haramu. Nyumba za walimu zijengwe ndani ya ua wa shule au kambi ya polisi. Fedha za basari zitumwe bila kuuliza mzazi ni wa ukoo gani. Na binti asitolewe shule kuozwa, halafu tukalia kwamba hakuna walimu wa kike.

Usalama wa barabara tunauweka ndani ya sera ya elimu, si pembeni yake. Walimu wa basi la Mandera walikuwa safarini kwa sababu shule zilifungwa siku moja na wote walipaswa kupita barabara moja. Ratiba ya kufunga na kufungua shule katika kaunti hizi ipangwe kwa zamu, na kila msafara uwe na askari. Wizara mbili zikikaa meza moja siku moja, jambo hili linakwisha.

Muda haupo. Mfumo mpya wa elimu wa CBE umemfikisha mtoto Gredi ya Kumi, na unamtaka achague mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mwanafunzi wa shule isiyo na mwalimu wa Fizikia, Kemia wala Hisabati amechaguliwa mkondo tayari, na aliyemchagulia hakuuliza anapenda nini. Tukiuacha mkondo wa sayansi ukauke kaskazini katika miaka hii ya mwanzo, miaka kumi ijayo tutakuwa tukitafuta daktari na mhandisi mwenyeji wa huko, na hatutampata.

Kwa hiyo tunataka TSC ichapishe, kabla ya shule kufunguliwa Januari, orodha ya kila shule ya umma katika Garissa, Wajir, Mandera na wadi ya Basuba: ina walimu wangapi wa TSC, wangapi wa BOM, na somo gani halina mtu. Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa iite TSC na Wizara pamoja, isome orodha hiyo shule baada ya shule, na kwa kila somo lisilo na mtu iulize mwalimu ataripoti tarehe gani. Ikikosa jibu, wazazi wana Kifungu cha 53, na Mahakama Kuu ina kituo Garissa.